Jua la Baraza la Mama

Mjini kwetu mtu hapigi picha ya ziwa bila kwanza kutazama nyuma yake. Jambo hilo si la juzi. Tangu nikiwa mtoto tulikatazwa kuelekeza kamera bandarini, kwenye daraja la mpakani, kambini, kwenye chochote chenye bendera, na Bukavu ilivyojipindapinda ndani ya ziwa, popote utakapoelekeza kamera lazima utanasa kimojawapo. Tangu mji ubadilishe wakubwa, serikali ikatoka na waasi wakaingia, imekuwa mbaya zaidi. Ukisimama ufukweni na simu mkononi unaulizwa unamtumia nani, na jibu la kwamba unapiga picha ya jua halijawahi kumridhisha mtu mwenye bunduki.

Na mimi ni mwoga, nilizaliwa hivyo. Nikifunga mlango narudi kuusukuma, nikishausukuma naanza kuwaza jiko. Wanafunzi wangu wanajua: mwalimu akisikia tairi limepasuka barabarani, anakuwa wa kwanza kuinama. Basi mfikirie nilivyojisikia siku mama, akiwa kitandani hospitalini Kinshasa, alipoagiza nimpigie picha ya jua likizama.

Nyumba yetu iko Ibanda, kwenye mteremko unaoshuka hadi majini. Si jumba. Ni vyumba vya matofali ambavyo baba alivijenga kimoja kimoja kwa mshahara wa karani, kabla wenye fedha hawajagundua kwamba upande ule una upepo mzuri. Baraza lake linatazama magharibi. Jioni jua linavuka ghuba na kwenda kuanguka nyuma ya milima ya Kabare, na mama alikuwa akikaa pale na ungo wa maharage, akilitazama jinsi mtu anavyomtazama fundi asiyemwamini sana. Alijua linaangukia wapi mwezi gani. Wakati wa kiangazi linaangukia kulia, karibu na tawi la mti wa avoka. Kuelekea Noeli linakuwa limehamia kushoto kabisa. Likifika katikati, kwenye shingo baina ya vilima viwili, mama alisema watu wachukue majembe, mvua iko njiani. Kalenda ya parokia tuliitundika ukutani kwa ajili ya watakatifu tu.

Alikwenda Kinshasa kwa dada yangu mkubwa kutibiwa uvimbe wa tumboni. Ndege zilikuwa bado zinaruka kutoka uwanja wa Kavumu. Alipokuwa huko mji ukabadilisha wakubwa, uwanja ukafungwa, yeye akabaki huko na sisi huku. Juma lile lile wanaume wenye bunduki walifika kwenye lango letu wakasema nyumba inahitajika. Walisema kwa adabu, siwezi kuwasingizia. Mmoja alinisaidia hata kubeba godoro mpaka barabarani. Nikapanda nalo hadi mtaa wa Kadutu, kwa mama mdogo, katika nyumba ya mbao yenye watoto wengi kuliko vikombe. Upande mmoja kuna kanisa la uamsho, upande wa pili baa, na vyote viwili vinashindana nani ana spika kubwa.

Sasa, kwetu habari mbaya haipigiwi simu. Hata mtu akifa, hawamwambii mwenye msiba njiani wala kwa maandishi. Wanakwenda watu wawili watatu, wanaketi, wanaomba maji, wanauliza habari za mashamba, na mwenye nyumba anaanza kuelewa pole pole kabla neno halijatamkwa, akiwa tayari ameshikwa mkono. Kumwambia mtu kwa simu kwamba nyumba yake imechukuliwa, tena mgonjwa, tena mjane aliyejengewa nyumba hiyo na marehemu, ni ukatili. Dada na mimi tulikubaliana mara moja. Habari itasubiri mpaka apatikane mtu wa kuibeba. Ila barabara zilifungwa, ndege hazikuwapo, na mbebaji hakupatikana.

Kwa hiyo kila jioni mama alipopiga simu na kuuliza, "Uko wapi?", nilijibu, "Niko ku nyumba, maman. Niko ku barza."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na kona tu. Simu ikilia nilikimbilia choo cha uani, nikafunga mlango, nikaongea kwa sauti ya chini, kiganja kimefunika simu, ili spika za kanisa na zile za baa zisinisaliti. Mama akiuliza mbona nanong'ona, nilisema nimechoka. Akiuliza jua limeangukia wapi leo, nilisema kulia, karibu na avoka, nikiwa nimetazamana na ndoo ya maji na kipande cha sabuni. Nilipotoka mle mgongo ulikuwa umeloa jasho. Nilijipongeza kwa kumlinda mama yangu, kisha nikalala vibaya.

Lakini aliyelala vibaya zaidi alikuwa yeye. Dada alinipigia akiwa karibu kulia.

"Docteur anakatala kumupasua," alisema. "Tension ya damu iko yulu sana. Anapewa dawa, haishuki. Anakaa usiku muzima macho wazi. Docteur anasema huyu maman iko na kitu mu roho, mukitafute."

"Ni kitu gani?"

"Nyumba yake, nini ingine? Anakumbuka kwetu. Jana ameniambia: 'Mwambie mudogo yako anipigie picha ya jua ya kwetu ikishuka. Niione, roho itulie.'"

Nikakaa chini palepale. Uvimbe ule ulikuwa unakua, daktari alishasema wasichelewe, na kilichobaki kati ya mama na kupona kilikuwa usingizi. Usingizi wenyewe sasa ulikuwa mkononi mwangu, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka pembeni.

Nilifanya ambacho mwoga yeyote angefanya: nilitafuta njia rahisi. Jumapili baada ya misa nilishuka hadi kwenye bustani moja ya ziwani ambako watu wanakunywa vinywaji na wapambe wa harusi wanapigwa picha, mahali ambapo simu iliyoinuliwa haishangazi mtu. Niliagiza Fanta. Nikasubiri. Jua la kiangazi liliteremka jekundu kwenye moshi wa mashamba yanayochomwa, likatandaza njia ya shaba juu ya maji, na mimi sikuliona, kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwa wanaume wawili wa meza ya nyuma waliokuwa wamenyamaza kupita kiasi. Nikapiga moja, haraka, kama mtu anayeiba. Nikaituma kwa dada na kukimbia, Fanta nikaiacha nusu.

Jioni dada akaandika kwamba mama aliitazama sana, akaikuza, akaizungusha, kisha akaomba chakula. Alikula fufu na sombe ya majani ya muhogo mpaka akafuta sahani. Nilimshukuru Mungu. Picha imefanya kazi, nikawaza.

Kesho yake simu tena. "Maman anasema picha iko muzuri, lakini si ya kwetu," dada alisema. "Kilima iko fasi ingine na barza haionekane. Anauliza juu ya nini hukupiga yenyewe ku barza. Anataka ile ya ku barza."

"Amekasirika?"

"Hapana. Alikuwa anasema akicheka-cheka."

Kicheko hicho kilinitisha kuliko hasira. Mama akicheka-cheka maana yake amekushika na anasubiri useme mwenyewe. Nikatafuta kwenye simu picha ya zamani. Ilikuwapo moja nzuri kabisa, ya baraza, ya Noeli, mjomba akiwa pembeni na chupa. Mjomba ningemkata. Jua nisingeweza. Lilikuwa kushoto kabisa, kwenye nafasi yake ya Desemba, na kumdanganya mama yangu kwa jua la Desemba katikati ya kiangazi ni kama kumpelekea padri divai ya juisi. Dada alisema jaribu, mgonjwa hataangalia sana. Dada ameishi Kinshasa mpaka amesahau mama yetu ni nani.

Basi ikabidi niende.

Kabla ya kuteremka nilisafisha simu, kama tunavyofanya wote siku hizi kabla ya kupita kizuizi. Nilifuta makundi ya walimu, nikafuta vichekesho, nikafuta picha ya waziri fulani aliyekuja shuleni zamani, nikafuta hata sauti za kwaya, maana nani ajuaye watasikia nini ndani yake. Mama mdogo alinitazama nikivaa kitenge changu cha kanisani. Aliuliza naenda wapi. Nikamwambia. Akanipa rozari yake, na hilo halikunipa moyo hata kidogo. Kwetu rozari inatolewa kwa wanaosafiri mbali na kwa wanaopasuliwa.

Lango letu lilikuwa limepakwa rangi nyingine. Niligonga kwenye lango nililolifungua maisha yangu yote bila kugonga. Alitoka mwanamume wa makamo, suruali ya jeshi, fulana, kandambili, kisu kidogo mkononi na kiazi kitamu kilichomenywa nusu. Bunduki ilikuwa imeegemea ukuta, pale mama alipokuwa akiegemeza ufagio.

"Unatafuta nani?"

Nilikuwa nimeandaa maneno kutoka Kadutu mpaka pale, na yote yalitoroka. "Sitafute mutu, papa. Naomba picha."

"Picha ya nini?"

"Ya jua. Ikiwa inashuka. Ya ku barza."

Alinitazama. Akatazama juu. "Jua iko fasi yote. Juu ya nini unakuya kuitafuta huku?"

"Maman yangu njo mwenye nyumba," nilisema. "Iko mugonjwa, mu hospitali, Kinshasa. Halali. Anasema akiona jua ya ku barza yake atalala."

Neno Kinshasa lilinitoka kabla sijalikamata. Kwenye lango lile Kinshasa ilikuwa jina la adui. Yule mtu aliacha kumenya.

"Kinshasa," alisema. "Fungua telefone."

Nikafungua. Niliandika namba ya siri vibaya, nikaandika tena. Aliichukua, akafuta mkono kwenye suruali, akapitisha kidole kwenye kioo. Simu tupu. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya: simu isiyo na kitu ndani yake inatia shaka kuliko simu yenye vichekesho. Alipandisha nyusi. Kisha akasema nibaki pale pale, akaingia ndani na simu yangu, akafunga lango.

Nimesimama sehemu nyingi kwa hofu maishani, lakini sijui hofu iliyofanana na ile. Kutoka ndani nilisikia sauti za wanaume, moja ikiuliza, nyingine ikijibu. Kupitia ufa wa lango niliona pembe ya jiko na kamba yetu ya nguo ikiwa na nguo za watu wengine. Nilifikiri: wanatafuta namba ya dada. Wanampigia dada. Wataniuliza nani yuko Kinshasa, anafanya kazi gani, na mume wa dada ni mtumishi wa serikali, na mimi siwezi kudanganya nikitazamwa usoni, naweza chooni tu. Nikafikiria kukimbia. Nikafikiria kwamba nikikimbia, simu itabaki, na picha haitapatikana, na daktari atasema tena hapana. Jua lilikuwa limeanza kugusa mlima. Niliona ukuta wa jirani ukigeuka rangi ya machungwa, kisha waridi. Nilikasirika. Hofu ilikuwepo bado, ila hasira ilikaa juu yake: jua letu wenyewe, na mimi naliona kwenye ukuta wa jirani.

Lango lilifunguka. Alinirudishia simu.

"Nimepiga mingi," alisema. "Angalia."

Katika picha ya kwanza kidole chake kilikuwa kimefunika ziwa. Ya pili ilikuwa ya sakafu. Ya tatu ilinifanya nishike ukuta. Jua lilikuwa kulia, jekundu, limekaa sawasawa chini ya tawi la avoka, ghuba yote ikiwaka, vilima vya Kabare vimepangana kila kimoja na weusi wake. Na mbele ulionekana ukuta mfupi wa baraza, na ile pembe yake iliyomeguka siku nilipojifunza baiskeli. Juu ya ukuta, upande wa kushoto, kulikuwa na jozi ya viatu vya jeshi, vimeanikwa.

"Mwambie pole," alisema yule mtu, na kurudi kwenye viazi vyake.

Nilipanda Kadutu mbio. Nikaketi uani, nikakata viatu kwenye picha. Ilikuwa rahisi: vilikuwa pembeni. Kilichobaki kilikuwa jua, tawi, pembe iliyomeguka, nyumba yetu kama ilivyokuwa siku zote, hakuna mtu wa kuitilia shaka. Nikaituma. Kwetu giza lilikuwa limeshaingia. Kinshasa, ambako saa iko nyuma yetu, dada aliandika kwamba jua bado liko dirishani. Nikafurahi kama mpumbavu. Nilimpa mama mdogo rozari yake. Nikasubiri kusikia kwamba mgonjwa amekula tena, amelala.

Simu ililia. Mama mwenyewe. Nikakimbilia chooni, nikafunga mlango.

"Uko mule," alisema.

Sauti yake sikuitambua. Ilikuwa ya mtu aliyebeba mzigo mpaka mlangoni na kuuachia.

"Maman?"

"Usinidanganye tena. Uko mule na bo, bale benye bunduki. Hii picha inatoka ku barza, naona ile pembe yenye ulivunja na kinga ukijifunza. Ile ya kwanza nilishukuru Mungu. Nikasema, hakuweza kupiga ya kwetu, kumbe ametoka, kumbe hakai na bo. Nikaomba ya ku barza nihakikishe kama huiweze. Na umeiweza." Kisha, polepole: "Banakufanyia nini, mutoto yangu?"

Nilishika mlango wa choo kwa mkono ulio huru.

Alikuwa anajua. Alijua tangu juma la kwanza, kwa kuwa jirani mmoja asiyejua desturi, au aliyeichoka, alimpigia simu na kusema pole kwa nyumba. Mama hakutuambia. Alingoja sisi tumwambie, kama inavyotakiwa, na sisi tulingoja mtu wa kuibeba habari. Na kila jioni mtoto wake wa mwisho, mwanamke asiye na mume, alimwambia yuko nyumbani, yuko barazani, katika nyumba aliyojua imejaa wanaume wenye bunduki. Akasikia ninavyonong'ona. Akatafsiri mnong'ono ule jinsi mama yeyote angeutafsiri. Usiku kucha macho wazi, na daktari anatafuta kitu kilicho rohoni.

"Siko mule, maman," nilisema. Nilikuwa nalia, sikujali nani anasikia. "Sikulala mule ata siku moja na bo. Niko Kadutu, kwa mama mudogo. Picha amepiga mumoja wao. Miye nilibakia ku mulango."

"Unanidanganya."

"Nakuapia. Kulikuwa viatu yake mu picha, nilikata. Nitakutumia yote."

"Na juu ya nini unasema chini-chini kila siku?"

"Niko mu choo, maman."

"Mu choo?"

"Juu usisikie kelele ya huku. Kanisa, na baa, na batoto."

Nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu aondoke: mama yangu akicheka huku akilia, akipenga kamasi, akimwita Mungu, Nyamuzinda, kwa Kishi, lugha ya mama yake. "Miezi yote," alisema. "Miezi yote unanisemesha mu choo."

"Nyumba, maman. Nyumba yetu..."

"Nyumba ni matofali," alisema. "Baba yako alijua kujenga, miye mambo yangu ni weye. Toka mule mu choo. Toka, nisikie."

Nikafungua mlango. Kelele ilinipiga usoni: kwaya ya uamsho imefika kwenye kiitikio, baa inajibu kwa gitaa, watoto wanagombania kikombe, mama mdogo anawafokea kwamba ugali unapoa, mtu fulani barabarani anapiga nyundo kwenye bati. Vitu vyote nilivyovificha. Nikaiinua simu juu ya kichwa changu, katikati ya ua, ili vimfikie vizuri. Mama mdogo aliuliza kama nimerukwa na akili. Nilimwonyesha kwa kidole anyamaze, kisha nikamwonyesha aendelee kufoka.

Mkono ulianza kufa ganzi. Niliushusha niangalie kama mama bado yuko. Juu ya kioo, kwenye ule ufa, ujumbe wa dada ulikuwa umeingia: "Amelala na simu ku sikio. Usikate."

Sikukata. Nilihamishia simu kwenye mkono mwingine na kubaki pale uani, watoto wakinipita kama mti, mpaka mega za intaneti zikaisha zenyewe.